Dawa Hii Haiachwi kwa Kuruka

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya kidonge kimoja kidogo ambacho kimeokoa mikono, miguu na macho ya watu wengi, lakini ambacho kinaweza kumwangusha mtu siku anapokiacha ghafla. Kidonge hicho kinaitwa prednisoloni. Wengine wanakijua kwa jina la ukoo wake, steroidi. Wapo wanaokitumia kwa ajili ya pumu, wapo wanaokitumia kwa viungo vinavyovimba miaka nenda miaka rudi, na wapo, huku kwetu Masasi na Newala, wanaokitumia kwa sababu ya ukoma. Mazungumzo ya leo nayaelekeza zaidi kwa hawa wa mwisho, ingawa mengi nitakayosema yanawahusu wote.

Namsikia mtu akisema: "Ukoma? Huo si ugonjwa wa enzi za babu zetu?" Ni kweli kwamba eneo letu linaujua ukoma tangu zamani. Pale Mwena, karibu na Ndanda, wamisionari wa Kibenediktini walikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Daktari Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa nchi hii, alifika Masasi mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi, wakati ambapo hapakuwa na dawa ya kuuponya ugonjwa huo. Dapsoni ilianza kutumika katika miaka ya 1940. Miaka ya 1980 ikaja dawa mseto, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini kwa pamoja, ambayo huponya kwa miezi 6 au 12 na hutolewa bure. Mwaka 2006 Tanzania ikafikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Hata hivyo wagonjwa wapya hawajakoma kuonekana, na mikoa ya Lindi na Mtwara imo katika ile ambayo bado inao.

Sasa swali. Kama dawa mseto inaua vijidudu vya ukoma, prednisoloni inaingiaje hapa?

Vijidudu vya ukoma hupenda kukaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu, hasa ile inayopita kwenye kiwiko, kifundo cha mkono, nyuma ya goti, kifundo cha mguu na usoni. Mara nyingine mwili wenyewe huamka kwa ghadhabu na kuwashambulia vijidudu hao, wawe hai au wamekwisha kufa. Hapo mabaka ya ngozi huwa mekundu na kuvimba, na mishipa huvimba na kuuma. Hali hii huitwa mcharuko. Mshipa uliovimba ndani ya njia nyembamba hujibana wenyewe, kama mtu mnene aliyekwama mlangoni. Ukibanwa muda mrefu hufa, na ukifa haufufuki. Matokeo yake ni mkono usioweza kushika jembe, mguu unaoburuta vidole, au jicho lisilofumba usiku.

Mcharuko unaweza kuja kabla mgonjwa hajaanza dawa mseto, unaweza kuja akiwa katikati, na unaweza kuja hata baada ya kuimaliza na kuambiwa amepona. Ndiyo maana watu hudhani ukoma umerudi, au kwamba kuna mkono wa mtu. Hapana. Vijidudu vimekwisha au vinakwisha, lakini mwili bado unapigana na mabaki yao, na uwanja wa mapigano ni mshipa wa fahamu.

Kazi ya prednisoloni ni kutuliza mapigano hayo. Haiui kijidudu chochote. Inazima moto ili mshipa upate nafasi. Mgonjwa akiwahi kuianza, yaani kabla udhaifu wa mkono au mguu haujatimiza miezi sita, ana matumaini mazuri ya kurudishiwa nguvu. Akichelewa, matumaini hupungua.

Hebu sasa tuhesabu vidonge. Mpango uliotumika kwa miaka mingi katika vituo vya ukoma ni wa wiki 12. Kidonge cha kawaida kina miligramu 5. Mtu mzima huanza na vidonge 8 kwa siku, yaani miligramu 40, kwa wiki mbili. Kisha vidonge 6 kwa wiki mbili, halafu 4, halafu 3, halafu 2, na mwisho kidonge 1 kwa wiki mbili. Jumla ni vidonge 336. Siku hizi wengine huandikiwa wiki 20. Utafiti uliofanywa katika nchi za Asia na kuchapishwa mwaka 2017 ulilinganisha wiki 20 na wiki 32, ukaona kwamba kwa mishipa iliyoharibika karibuni, wiki 32 hazikuleta faida ya ziada. Basi, mgonjwa asishangae akiona kadi yake haifanani na ya jirani. La kuzingatia ni kwamba kila mpango unateremka, na hakuna unaokatika.

Kwa nini uteremke? Zipo sababu mbili, na watu wengi wanaijua moja tu.

Sababu ya kwanza ni ule moto. Mtu akiacha dawa maumivu yalipotulia tu, makaa bado yapo chini ya majivu. Mcharuko unaweza kuwaka tena, na safari hii ukala mshipa uliokuwa umeanza kupona.

Sababu ya pili haihusu ukoma kabisa. Inahusu mwili wa kila anayetumia dawa hii kwa muda mrefu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo yenye uzito wa gramu chache. Tezi hizo mbili hutengeneza kitu kiitwacho kotisoli, na bila kotisoli mtu hawezi kuishi. Ndiyo inayosaidia kushikilia shinikizo la damu, ndiyo inayolinda sukari ya mwilini wakati wa njaa, na ndiyo inayompa mtu uwezo wa kuhimili homa, jeraha au upasuaji. Kwa siku ya kawaida mwili hutengeneza kiasi ambacho nguvu yake inakaribia kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5. Amri ya kutengeneza hutoka kichwani, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo.

Prednisoloni inafanana sana na kotisoli. Mtu anapomeza vidonge 8 kila siku, ubongo huona damu imejaa kotisoli kupita mahitaji, nao husema: "Ya nini kuagiza nyingine?" Amri inakatwa, tezi za juu ya figo hukaa bila kazi, na baada ya wiki kadhaa husinyaa. Ni kama nyumba iliyozoea kuletewa maji mlangoni kila siku, hata wenyewe wakasahau njia ya kisimani. Siku maji yasipoletwa, ndoo imetoboka, njia imeota majani, na walio ndani wana kiu.

Jambo hili halikujulikana mwanzoni. Mwezi Septemba 1948, katika mji wa Rochester huko Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake walimchoma sindano ya kotisoni, ndugu ya prednisoloni, mama mmoja kijana ambaye viungo vyake vilikuwa vimekakamaa. Baada ya siku chache akatembea. Dunia ilishangilia, na mwaka 1950 Hench akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Lakini mwaka 1952 madaktari wa Marekani walieleza habari za mgonjwa aliyekuwa ametumia kotisoni kwa miezi, akasimamishiwa dawa, akafanyiwa upasuaji, na shinikizo la damu likashuka hata likashindwa kupandishwa. Alikufa, na tezi zake za juu ya figo zilikutwa zimesinyaa. Tangu hapo ikafahamika kwamba dawa hii ina mlango mkubwa wa kuingilia na mlango mwembamba wa kutokea.

Sasa, ndugu msikilizaji, uangalie jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague mada hii. Watu hudhani hatari kubwa ipo mwanzoni, kwenye vidonge vingi, na kwamba kile kidonge kimoja cha mwisho ni cha kumalizia tu, mtu akikisahau si neno. Kwa upande wa kuacha ni kinyume chake. Ukishuka kutoka vidonge 8 hadi 6, bado una mara sita ya mahitaji ya mwili. Hutasikia upungufu wowote. Lakini ukishuka kutoka kidonge 1 hadi sifuri, sasa huna kitu isipokuwa kile ambacho tezi yako mwenyewe inaweza kutengeneza. Kama imekwisha kuamka, vizuri. Kama bado imelala, upo mashakani. Wiki zile za vidonge vichache ndizo wiki za kuiamsha tezi. Ndiyo maana wagonjwa waliokaa kwenye dawa hii kwa mwaka au zaidi, daktari huweza kuwapunguzia nusu kidonge kwa nusu kidonge, au chini ya hapo, mwezi hata mwezi. Tezi iliyolala muda mrefu inaweza kuchukua miezi, hata kufikia mwaka, kurudi kazini sawasawa.

Wenyeji wa Newala wananielewa nikisema hivi. Pale kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, mahali paitwapo Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma linaonekana chini kama liko karibu. Hakuna anayeruka. Kila anayekwenda bondeni hufuata njia, na mwenye mzigo kichwani huteremka polepole zaidi.

Tuchukue mfano. Mkulima wa korosho ameanza prednisoloni mwishoni mwa Mei kwa sababu mkono wake ulikuwa unalegea. Kufikia Julai mkono umepata nguvu, hamu ya kula imezidi, uso umejaa, na majirani wanamwambia amenawiri. Ni msimu wa kupuliza salfa. Kliniki iko mbali, nauli ni shida, na vidonge vimekwisha siku ya Jumatano. Anajisemea: "Mimi nimepona, nitakwenda baada ya kazi." Siku mbili tatu baadaye mwili hauna nguvu. Akisimama anaona kizunguzungu. Chakula hakipiti, tumbo linauma, anatapika. Nyumbani wanasema ni malaria, au ni ile salfa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Dalili za kukosa kotisoli zinafanana mno na malaria. Na kipimo cha malaria kinaweza kweli kuonyesha vijidudu, kwa kuwa katika maeneo yetu mtu anaweza kuwa navyo katika damu huku kinachomwangusha kikiwa kingine. Zaidi ya hayo, malaria yenyewe huongeza mahitaji ya kotisoli, kwa hiyo mambo mawili yanaweza kumkuta mtu kwa pamoja. Atapewa dawa ya malaria, atarudi nyumbani, na hali itazidi kuwa mbaya. Anachohitaji haraka ni sindano ya haidrokotisoni na dripu ya maji yenye chumvi na sukari. Lakini mganga hawezi kubuni. Lazima aambiwe: "Huyu alikuwa anameza prednisoloni kwa wiki kadhaa, na ana siku tatu hajaipata." Sentensi hiyo moja yaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo. Kama mgonjwa hawezi kusema, aseme mke, aseme mume, aseme mtoto aliyemsindikiza.

Basi ninayo machache ya kuwashauri wanaotumia dawa hii na walio nyumbani pamoja nao.

Kwanza, dawa hii hunywewa asubuhi baada ya chakula, kwa sababu asubuhi ndio wakati ambao mwili wenyewe hutoa kotisoli nyingi. Ukisahau asubuhi, imeze unapokumbuka siku ile ile. Usilimbikize ya leo na kesho.

Pili, hesabu vidonge vyako kila wiki, na uende kituoni kabla havijakwisha. Kama una safari ya msiba, ya kwenda kucheza ngoma za jando na unyago kwa ndugu, au ya kuhamia shamba la mbali, ondoka na vidonge vya kutosha.

Tatu, beba kadi yako, au hata kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la dawa, kiasi chake na tarehe uliyoanza. Kwa mwaka mzima baada ya kumaliza, kila ukiugua sana, ukiumia au ukitakiwa kufanyiwa upasuaji, mwambie mganga kwamba uliwahi kuitumia.

Nne, ukipata homa kali ukiwa bado kwenye dawa, usiiache ukidhani dawa mbili zitagombana. Wakati wa homa mwili unahitaji zaidi, na mara nyingi daktari huongeza kiasi kwa siku chache kisha hukirudisha. Muulize mapema, ungali mzima, akwambie ufanye nini siku hiyo. Na kama unatapika kiasi kwamba kidonge hakikai tumboni, nenda kituoni siku hiyo hiyo, kwa kuwa utahitaji sindano.

Tano, kama umekwisha kuikatiza na unajisikia vibaya, usingoje. Kama vidonge bado vipo nyumbani, meza kiasi cha siku uliyoandikiwa mara ya mwisho na uelekee hospitali.

Wakati wa kushuka, mtu anaweza kusikia uchovu na maumivu ya viungo kwa siku chache, kisha yakaisha. Hiyo ni kawaida, na huwatia watu wasiwasi bure. Lakini ukiona mabaka yanavimba tena, mshipa wa kiwiko unauma ukiuguswa, vidole vinapoteza nguvu, au sehemu mpya imekufa ganzi, huo ni mcharuko. Rudi upimwe. Kipimo ni rahisi: mhudumu hugusa ngozi kwa ncha ya kalamu, akakuambia ufumbe macho kwa nguvu na unyanyue kidole gumba na mguu.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba naisifu dawa hii bila mipaka. Prednisoloni ina gharama zake. Huko kunawiri kwa uso kunakosifiwa na majirani si afya, ni uvimbe na mafuta yanayoletwa na dawa. Hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, huleta ukungu wa macho, na hupunguza ulinzi wa mwili hata kifua kikuu kilicholala kikaamka. Wapo minyoo wadogo wa utumbo ambao, mwili ukidhoofishwa na steroidi, huongezeka na kuenea mpaka kuua. Kwa hiyo ni vizuri mgonjwa aulizwe juu ya kikohozi na apewe dawa ya minyoo kabla ya kuanza. Na vidonda vya miguu iliyokufa ganzi vikaguliwe kila jioni, kwani dawa hii huficha homa na maumivu.

Ipo pia aina ya pili ya mcharuko, yenye vinundu vinavyouma na homa, ambayo hurudi tena na tena kwa miaka. Wagonjwa wa aina hii ndio hujikuta wamefungwa na prednisoloni: wakishuka, vinundu vinarudi, wakipanda, sukari na mifupa vinaumia. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba walikufa zaidi kuliko wenzao wasio na hali hiyo, na wengi wa waliokufa walikuwa wametumia steroidi kwa muda mrefu. Hawa wasiachwe kujinunulia dukani. Mahali pao ni kwa daktari wa hospitali, ambaye anaweza kuongeza klofazimini ili prednisoloni ipungue.

Nimetaja dukani. Mwezi Juni 2020, watafiti wa Uingereza walipotangaza kwamba deksamethasoni inawaokoa baadhi ya wagonjwa mahututi wa korona, jina la ndugu huyu wa prednisoloni lilienea duniani kote. Wagonjwa wale walipewa kwa siku zisizozidi 10, hospitalini. Mtu aliyeandikiwa steroidi kwa siku 5 kwa ajili ya pumu naye kwa kawaida huacha bila kuteremka, kwa maana tezi haijapata muda wa kulala. Ni pale zinapozidi wiki tatu ndipo kushuka ngazi kunapokuwa lazima. Anayenunua mwenyewe mwezi baada ya mwezi ili anenepe, amejifunga kamba asiyoiona.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaosimamia zahanati na bohari za dawa. Tunawaambia wagonjwa wasikatize. Lakini mgonjwa aliyetoka bondeni kwa miguu, akafika tarehe yake na kuambiwa prednisoloni hakuna, arudi wiki ijayo, huyo hakukatiza. Amekatiziwa. Anayemwanzishia mtu vidonge 8 aone kwanza kama kabatini vipo 336. Wahenga walisema kawia ufike. Mgonjwa yuko tayari kukawia, na sisi tumwekee akiba ya vidonge mpaka ngazi ya mwisho.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.